Karandinga la Kisongo linapita nje ya Mahakama ya Afrika

SIKU za kesi karandinga la Magereza hutoka Kisongo asubuhi likiwa limesheheni mahabusu, likashika Barabara ya Dodoma kuja mjini. Kabla halijaingia mjini hupita nje ya jengo la TANAPA, kile Kituo cha Mwalimu Nyerere, ambamo kwa miaka mingi imekaa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu. Ndani ya jengo wamo majaji waliotoka pande zote za bara hili. Ndani ya karandinga wamo vijana wa Unga Ltd, wa Ngarenaro, wa Sanawari, wa vijiji vya Meru na Monduli, wameshikilia nondo na kuchungulia. Jioni karandinga hurudi, likapita pale pale, na vijana wengi ni wale wale, maana kesi imepigwa kalenda.

Wiki chache zilizopita nilikaa kwenye benchi nje ya mahakama moja ya hapa mkoani na mama mmoja aliyekuja na Hiace kutoka upande wa Oldonyosambu. Mwanawe ana kesi ya mauaji. Nikamwamkia, shikamoo mama, akaitikia marahaba mwanangu, kisha akaniuliza kama mimi ni wakili. Nilipomwambia ni mwandishi tu wa magazeti alisikitika waziwazi, akafunga vizuri kitambaa cha chakula alichokuwa amebeba. Tulipoitwa ndani mambo yalikwisha kabla hata sijapata pa kukaa. Jina likasomwa, kijana akasimama, mwendesha mashitaka akasema upelelezi haujakamilika, hakimu akataja tarehe nyingine baada ya wiki mbili. Kijana hakutakiwa kujibu neno lolote kwa sababu, kama wanavyosema kila mara, mahakama ile haina mamlaka ya kusikiliza kesi hiyo.

Tulipotoka mama akaniuliza hivi: "Mwanangu, hii mahakama ya Afrika si ndiyo ile ya pale TANAPA? Sasa kama hii ya hapa haina mamlaka, kwa nini tusiende kule?"

Ndugu msomaji, mimi si mwanasheria, shule yangu iliishia sekondari. Lakini swali la mama yule nimelibeba kwa mawakili na katika hukumu zenyewe, nikasoma, nikaona kwamba lina jibu, na jibu hilo ni aibu kwa nchi.

Tuanze na hilo neno, upelelezi haujakamilika. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai ya mwaka 1985 ina kifungu ambacho mahabusu wote wanakijua kwa namba yake ya zamani, 148, kijifungu cha tano. Hicho ndicho kinachoorodhesha makosa yasiyo na dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, ugaidi, utakatishaji fedha na mengine. Ukishitakiwa kwa moja ya hayo, hakimu hana la kupima. Hata awe anakuona huna hatia, hata uwe na mke anayejifungua leo, mdomo wake umefungwa. Mwenye kuamua kama utalala kwako au utalala Kisongo ni yule aliyechagua jina la kosa, yaani upande wa mashitaka. Ukiandikiwa wizi, unatoka. Wizi huo huo ukiongezewa kisu kwenye karatasi, humo ndani.

Wapo majaji walioliona hili zamani. Jaji Mwalusanya wa Mwanza, katika kesi ya Daudi Pete, alisema kunyima watu dhamana kwa jumla jumla namna hii ni kinyume cha Katiba. Serikali ikakata rufaa, na mwaka 1991 Mahakama ya Rufani, enzi za Jaji Mkuu Nyalali, ikakubali kwamba sehemu moja ya kifungu kile ilikuwa batili. Watu wakashangilia. Lakini orodha haikufa, ilinenepa. Kila Bunge lilipoona uhalifu wa aina mpya liliongeza kosa jingine kwenye orodha, kana kwamba kumfungia mtu kabla ya kumsikiliza ndiyo dawa.

Mapambano yakaendelea. Desemba 2015 Mahakama Kuu, katika shauri la wakili Jeremia Mtobesya, ilifuta kile kijifungu cha nne kilichompa Mkurugenzi wa Mashitaka, DPP kama tunavyomwita, uwezo wa kuandika hati tu na dhamana ikafa. Mahakama ya Rufani ikabariki mwaka 2018. Halafu tarehe 18 Mei 2020, katika shauri la Dickson Sanga, majaji watatu wa Mahakama Kuu wakasema kijifungu cha tano chenyewe, ile orodha yote, kinavunja Katiba, wakaipa Serikali miezi 18 kukirekebisha. Hapo magereza yalipata matumaini. Matumaini hayakumaliza hata miezi mitatu. Tarehe 5 Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ilitengua, ikasema haki ya dhamana ina mipaka na kifungu kiko sawa na Katiba. Nawaheshimu majaji wa Rufani. Lakini naomba kuuliza: rufaa ngapi za walalahoi husikilizwa na kuamuliwa ndani ya miezi mitatu?

Hapa Arusha hatuhitaji kufundishwa maana ya dhamana, tuliisoma kwa mtu mmoja. Novemba 2016 mbunge wetu wa Arusha Mjini wakati ule, Godbless Lema, alikamatwa Dodoma, akaletwa hapa na kushitakiwa kwa maneno aliyosema jukwaani kuhusu Rais. Kumbuka, kosa lile lilikuwa na dhamana. Hakimu akakubali kwamba ana haki ya dhamana. Kabla masharti hayajasomwa, mawakili wa Serikali wakasimama na kusema wanakusudia kukata rufaa. Wanakusudia tu! Na kwa kusudio hilo mbunge akarudishwa Kisongo. Ikaanza danadana, leo Mahakama Kuu, kesho marejeo, keshokutwa Mahakama ya Rufani, hadi rufaa za Serikali zilipoyeyuka na Lema akatoka kwa dhamana tarehe 3 Machi 2017. Miezi minne ndani kwa kosa lenye dhamana. Na huyo alikuwa mbunge, mwenye jopo la mawakili na waandishi wamejaa ukumbini. Mtoto wa mama wa Oldonyosambu ana nini?

Sasa nitasema jambo ambalo baadhi ya wenzangu wa upinzani hawatalipenda. Tarehe 15 Oktoba 2021, Lengai ole Sabaya, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Hai, alipohukumiwa hapa Arusha kifungo cha miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, wapo wa upande wetu walioshangilia barabarani. Naelewa kwa nini, Hai wanajua walichopitia. Lakini tarehe 6 Mei 2022 Mahakama Kuu hapa hapa Arusha ilifuta hukumu ile kwa sababu ya kasoro za kisheria, na watu wale wale wakasema ni mchezo wa wakubwa. Sikubaliani nao. Sabaya alipata mawakili, akapata rufaa iliyosikilizwa kwa wakati, na majaji waliokagua hati ya mashitaka mstari kwa mstari. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Tusimwonee gere kwa haki aliyoipata, tuulize kwa nini aliyepewa miaka 30 ile ile kwa simu na kisu pale Kilombero hapati hata robo yake.

Maana hapo ndipo penye siri kubwa ambayo haiandikwi. Kesi ya mauaji ikishafika Mahakama Kuu, Serikali humpa mshitakiwa wakili. Unyang'anyi wa kutumia silaha husikilizwa na mahakama ya wilaya au ya hakimu mkazi, adhabu yake haipungui miaka 30, na huko mshitakiwa maskini kwa kawaida anasimama peke yake. Kijana wa darasa la saba anatakiwa amhoji askari mpelelezi, apinge gwaride la utambulisho, apinge maelezo ya onyo anayodai alipigwa ndipo akaweka dole gumba. Anaulizwa: una swali kwa shahidi? Anasema sina swali, mheshimiwa. Jibu hilo litamfuata hadi Mahakama ya Rufani, ambako ataambiwa hakumhoji shahidi, kwa hiyo alikubali aliyosema. Ni kweli Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inamruhusu hakimu kuagiza asiye na uwezo apewe wakili. Lakini sheria iliyo kitabuni na wakili aliyesimama kizimbani ni vitu viwili.

Na sisi Arusha hatuwezi kusema hatujawahi kuona utetezi unavyofanana. Tuliuona kwa macho yetu. Mwaka 1995 Umoja wa Mataifa ulituletea Mahakama ya Kimataifa ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, ikakaa AICC hadi ilipofungwa Desemba 2015. Mimi nilikuwa mtoto, lakini wakubwa wanakumbuka magari meupe na kodi za nyumba zilivyopaa. Washitakiwa wake walifungiwa wapi? Kisongo hapo hapo, katika mahabusu ya Umoja wa Mataifa iliyojengwa ndani ya eneo la gereza letu. Watu wale walishitakiwa kwa kosa baya kuliko yote aliyowahi kubuni mwanadamu. Kila asiye na uwezo alipewa wakili mkuu na wakili msaidizi, waliotoka Canada, Ufaransa, Marekani, Kameruni, na hapa kwetu pia, wakilipwa na Umoja wa Mataifa, pamoja na wapelelezi wa kwenda kutafuta mashahidi wa utetezi. Watu 93 walishitakiwa, 62 wakahukumiwa adhabu, 14 wakaachiwa huru. Kumi na wanne! Katika kesi ambazo dunia nzima ilikuwa imekwisha kuwahukumu kwenye redio.

Wanaojua sheria hulitaja zaidi shauri la Barayagwiza. Alikamatwa Kameruni mwaka 1996, akasota muda mrefu bila kuletwa mbele ya jaji. Novemba 1999 majaji wa rufaa waliamuru aachiwe, kwa sababu tu haki zake za mahabusu zilivunjwa. Rwanda ikawaka moto, ikasitisha ushirikiano na mahakama. Machi 2000 majaji wakageuza uamuzi, kesi ikaendelea, lakini wakasisitiza kwamba makosa aliyotendewa lazima yahesabiwe. Akatiwa hatiani mwaka 2003, na badala ya kifungo cha maisha akapewa miaka 35 kwa sababu hiyo. Unaweza kukasirika, na wengi walikasirika. Lakini angalia ukuta ule mmoja wa Kisongo: upande mmoja kuchelewa kumfikisha mtu kwa jaji kunapunguza kifungo cha mshitakiwa wa kimbari, upande wa pili kuchelewa huko huko kunaitwa upelelezi haujakamilika.

Ndipo tufike kwenye swali la mama. Machi 2010 Tanzania iliweka tamko Umoja wa Afrika kuruhusu raia wake na asasi zisizo za kiserikali kwenda moja kwa moja Mahakama ya Afrika, wakishamaliza ngazi za nyumbani. Ilikuwa heshima kubwa, tukasifiwa, tena sisi ndio wenyeji. Na nani walioitumia? Wafungwa! Waliandika kwa mkono kutoka Karanga, Butimba, Ukonga, Maweni. Tanzania ikawa nchi yenye kesi nyingi kuliko yoyote pale, na nyingi ni za watu waliofungwa bila kuwa na wakili.

Tarehe 20 Novemba 2015, katika shauri la Alex Thomas, aliyekuwa Karanga kwa kifungo cha miaka 30 kilichotolewa na mahakama ya wilaya ya Rombo, majaji walisema Serikali ilivunja haki yake kwa kutompa wakili bure katika kosa zito namna ile, na kwa kumhukumu bila kumpa nafasi ya kujitetea alipokuwa mgonjwa. Machi 2016 wakasema hayo hayo juu ya Wakenya waliokamatwa Msumbiji na kuletwa Moshi, ambao kesi yao iliburutwa miaka na miaka. Juni mwaka huo huo shauri jingine la Moshi, la Mohamed Abubakari, tena wakili. Hukumu baada ya hukumu, wimbo ni mmoja: mpeni mtu wakili. Na tarehe 28 Novemba 2019, katika shauri la Ally Rajabu na wenzake waliohukumiwa kunyongwa Moshi, Mahakama ikasema adhabu ya kifo ya lazima, ile isiyompa jaji nafasi ya kuchagua, inavunja haki ya uhai, ikaiagiza Serikali iifute ndani ya mwaka mmoja.

Je, Serikali ilifanya nini? Ingekuwa kwako wewe, umeambiwa mara ishirini kwamba paa linavuja, ungeziba paa. Wenzetu walimfukuza anayesema linavuja. Mwezi ule ule wa Novemba 2019, siku chache kabla ya hukumu ya Ally Rajabu, barua ilipelekwa Umoja wa Afrika kuondoa tamko. Waziri wa Mambo ya Nje alikuwa Profesa Palamagamba Kabudi, mwalimu wa sheria, tena ya Katiba. Sababu iliyotolewa ni kwamba tamko lilikuwa linatekelezwa kinyume na masharti tuliyoweka. Lipi hasa, hatukufafanuliwa. Barua ikaanza kufanya kazi tarehe 22 Novemba 2020, na mlango ukafungwa. Waliokwisha kufungua kesi waliendelea, wapya hapana.

Kwa hiyo, mama, jibu ni hili. Mwanao akifungwa, na akishindwa ngazi zote za nyumbani, hawezi kuvuka barabara kwenda pale TANAPA. Inabidi malalamiko yake yaende kwanza Banjul, nchini Gambia, upande wa pili wa Afrika, kwa Tume ya Haki za Binadamu, na Tume ikipenda ndiyo iyalete Arusha. Lakini raia wa nchi ambayo haijajitoa anapanda ndege, anashuka KIA, anakula ndizi zetu za Meru, anafungua kesi dhidi ya serikali yake Barabara ya Dodoma. Wageni wana haki mjini kwetu kuliko sisi wenye mji.

Serikali itasema mambo yamebadilika, na sitaki kuwa mwongo, yapo yaliyobadilika. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili watu wasipelekwe mahakamani kabla upelelezi haujakamilika. Lakini soma mwisho wake: makosa mazito yamewekwa kando, na hayo ndiyo yaliyojaza Kisongo. Januari 2023 Rais Samia alizindua Tume ya Haki Jinai chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ikazunguka, ikasikiliza, ikakabidhi ripoti Julai mwaka huo. Ripoti ilisema mengi ambayo upinzani ulitukanwa kwa kuyasema. Orodha ya makosa yasiyo na dhamana ikabaki.

Na ilipofika mwaka 2025 tuliona inavyofanya kazi. Aprili, Tundu Lissu alikamatwa Mbinga na kushitakiwa kwa uhaini, hakuna dhamana, na Juni akaiambia mahakama atajitetea mwenyewe, akilalamika kwamba mawakili wake wanazuiwa kuonana naye faragha. Halafu baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, mamia ya watu, wengi wao vijana, walifikishwa mahakamani mikoa mbalimbali, Arusha ikiwemo, kwa uhaini huo huo. Uhaini, kosa ambalo adhabu yake ni kunyongwa, likagawiwa kama vipeperushi. Novemba 14 Rais alilihutubia Bunge akataka waliofuata mkumbo waonewe huruma, na baada ya hapo DPP akaanza kuwafutia mashitaka, wengi wakarudi makwao.

Wazazi walilia kwa furaha, nami nilifurahi. Lakini hebu tujiulize ni nani aliyewatoa. Hakimu hakuwatoa, sheria imemfunga. Wakili hakuwatoa, hakuwa na pa kuombea. Walitolewa kwa hotuba. Mtu aliyetolewa kwa hotuba anaweza kurudishwa kwa hotuba, na yule ambaye hotuba haikumgusa, kama kijana wa Oldonyosambu, yumo ndani bado.

Kurudisha tamko hakuhitaji fedha za wafadhili wala tume nyingine. Ni saini ya Waziri wa Mambo ya Nje na barua ya kupeleka Addis Ababa, kama ilivyofanyika mwaka 2010. Kufuta orodha ya 148 ni muswada mmoja, na Bunge letu tunajua linavyoweza kupitisha miswada kwa hati ya dharura linapotaka. Mbunge wa Arusha Mjini na wale wa Arumeru waulizwe hili wakija kwenye mikutano yao, tena kabla hawajaanza kugawa jezi.

Mama nilimsindikiza hadi kituo cha Hiace. Chakula alichobeba hakikumfikia mwanawe siku ile, karandinga liliondoka mapema. Akanipa mimi, ndizi na maharage, akisema asingeweza kurudi nacho nyumbani. Tarehe ya kesi aliandikiwa kwenye kikaratasi na karani, akaniomba nimsomee mara mbili ili aishike.